IST ilikuwa inafanya 14 kwa lita Dar, Mwanza inafanya 10. Nani anakunywa haya mafuta?

#1 Isamilo Juu
Wakuu habari. Nina IST ya cc 1300, nilikuja nayo kutoka Dar nilipohamishiwa huku kikazi. Kule nilikuwa nakaa Mbezi, kazini Posta, na ilinipa kilomita 14 kwa lita bila kubembelezana. Huku naishi Isamilo, kazini Kirumba, asubuhi napitisha watoto shule, jioni nashuka mjini kidogo. Foleni ya kulala barabarani kama ya Dar hakuna, ila gari linabugia mafuta. Nikipiga hesabu napata 10, wiki mbaya 9 na pointi.

Plagi mpya, oili nimemwaga, eakilina nimebadilisha. Fundi mmoja kasema ni hewa ya huku juu, mwingine kasema mafuta ya huku hayana nguvu. Mwenye IST hapa Mwanza anapata ngapi?

#2 Nyegezi Kona
Yangu cc 1500. Mjini 12, safari 15. Hiyo yako inaumwa.

#3 Kipimo Sahihi
Kabla hatujamlaumu mtu, unapimaje? Kwa taa, kwa hela, au fulu tanki?

#4 Isamilo Juu
Kila Jumatatu naweka ya elfu thelathini, naandika kilomita kwenye simu. Jumatatu inayofuata nagawanya. Dar nilifanya hivyo hivyo.

#5 Kipimo Sahihi
Nilijua tu. Mkuu, usichukie, ila hapo hujapima ulaji wa gari, umepima mazoea yako ya kununua.

Elfu thelathini si kipimo cha mafuta. EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, wanatoa bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ya Mwanza siku zote iko juu ya Dar kwa sababu mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini mpaka huku. Kwa hela ile ile unapata lita chache, na ukikariri "ya elfu thelathini ilikuwa inanifikisha Jumatatu" utaona gari limeharibika kumbe bei ndiyo imepanda.

Halafu Jumatatu ya kwanza tanki lilibaki na kiasi gani? Ya pili je? Usiniambie mshale. Ndani ya tanki kuna boya tu linaelea. Ukiegesha Isamilo pua ikitazama juu, mafuta yanakimbilia nyuma na boya linasoma kitu kingine.

Fanya hivi. Jaza mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usimruhusu kijana aongeze ya kuzungusha hesabu iwe nzima. Rudisha tripu kwenye sifuri. Tembea mpaka tanki liwe chini ya robo. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile, gari limesimama vile vile, jaza tena mpaka ijikate. Kilomita gawanya kwa lita za mara hii ya pili. Lita za mara ya kwanza hazihusiki na lolote.

Na usipime kwa lita 10. Pampu kujikata mapema au kuchelewa inaweza kukupoteza hata lita nzima. Kwenye lita 10 hilo ni kosa la asilimia 10, kwenye lita 35 halifiki 3.

#6 Isamilo Juu
Lita nasoma kwenye risiti ya EFD mkuu, sikisii kwa hela. Ila hapo kwenye mabaki ya tanki nimekuelewa. Nitajaza fulu mwisho wa mwezi, kwa sasa mfuko haujanituma.

#7 Dereva wa Buhongwa
Mwadila wakuu. Mimi napiga Hiace, hesabu ya bosi iko pale pale kila siku na mafuta ni juu yangu, kwa hiyo ulaji naujua kwa uchungu. Jibu ni MLIMA. Dar ni sahani. Huyu anaishi Isamilo! Asubuhi anashuka, jioni anapanda na gia ya pili akseli imelala sakafuni. Mimi mwenyewe nikipakia wa kupandisha Bugando naisikia kabisa tofauti mfukoni.

#8 Bwiru Press
#7 lakini anachopanda ndicho alichoshuka. Asubuhi anashuka bure, jioni analipa. Inajifuta.

#9 Dereva wa Buhongwa
Bwiru, wewe unashuka Isamilo bila kushika breki? Nitumie namba ya gari niwe nakupisha.

#10 Mwalimu Mstaafu
Vijana, hili linahesabika. IST na abiria tuseme kilo 1,100. Tuseme anapanda mita 60 kutoka usawa wa ziwa. Kazi ya kulinyanyua ni 1,100 mara 9.8 mara 60, karibu kilojuli 650. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini injini inageuza kama robo tu kuwa mwendo, zingine zinatoka kama joto. Kwa hiyo lita inakupa megajuli 8 za kweli. 650 kwa 8,000, ni mililita 80.

Mililita 80 kwa safari nzima ya Musoma si kitu. Lakini kama Kirumba mpaka kwake ni kilomita nne na gari linatumia mililita 85 kwa kilomita, safari ni mililita 340. Ongeza 80, umeongeza karibu robo. Asubuhi anarudishiwa sehemu, si yote, kwa sababu #9 ana haki: kila akikanyaga breki anageuza ile kazi ya jana jioni kuwa joto la diski. Kwa hiyo mlima una hatia, ila hauwezi peke yake kuishusha 14 mpaka 10.

#11 Sangara Mkavu
Mwalimu umesahau hewa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar, injini inakosa pumzi, unakanyaga zaidi, mafuta yanakwenda zaidi. Fundi wa kwanza wa mleta mada alisema kweli.

#12 Fundi Nyakato
#11 hiyo ni kweli kwa kabureta. Pikipiki ya kabureta iliyosetiwa pwani ukiileta huku inachoma tajiri, moshi mweusi, plagi nyeusi. IST ina sensa inapima hewa inayoingia, kompyuta inapunguza mafuta kulingana na hewa. Hewa ikipungua kwa asilimia 12, na mafuta yanapungua. Utakosa nguvu kidogo, hutaongezewa ulaji.

#13 Mwalimu Mstaafu
Naongezea kwa Fundi: kwa injini ya petroli inayotembea taratibu, hewa nyepesi inaweza hata kukusaidia. Ili upate nguvu ile ile unafungua kipepeo cha hewa zaidi, injini haihangaiki kuvuta hewa kupitia tundu dogo. Na upepo unaolipinga gari njiani ni mwepesi pia.

#14 Sangara Mkavu
Sawa Mwalimu, lakini mlima wa Isamilo anaupanda kwa nguvu kubwa, si taratibu. Pale akseli iko chini kabisa. Na akseli ikifika chini kabisa kompyuta inamwaga mafuta ya ziada. Kwa hiyo hewa nyepesi + mlima = akseli chini muda mrefu. Sijashindwa.

#15 Nyegezi Kona
Hahaha Sangara hafi maji.

#16 Mama wa Mlango Mmoja
Kaka zangu mnasumbuka sana. Mimi nina Passo, natoa mzigo Mlango Mmoja napeleka Igoma. Kilomita kwa lita sijawahi kuhesabu. Najua wiki inakula shilingi ngapi na imebeba mzigo wa shilingi ngapi. Ikizidi namwita fundi. Mwaka huu ilizidi mara moja, fundi akakuta breki ya nyuma imeng'ang'ania, tairi linachemka ukiligusa. Mleta mada ukifika nyumbani gusa rimu zote nne kwa mkono, polepole usiungue. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, umempata mwizi.

#17 Isamilo Juu
Mama asante, nimegusa leo. Zote vuguvugu, sawasawa.

#18 Kipimo Sahihi
Hiyo ya Mama ni akili kubwa, watu wanaiacha kwa kuwa haina mashine. Mleta mada, matairi yako saizi gani?

#19 Isamilo Juu
Nilibadilisha nilipofika. Zilikuwa 175/65 rimu 14, gari likawa linakwaruza matuta ya mtaani, nikaweka 185/65 rimu 15. Limenyanyuka vizuri.

#20 Kipimo Sahihi
Aaah! Sasa tunaongea.

Chukua karatasi. 175/65R14: rimu milimita 355.6, jumlisha mashavu mawili ya 113.75, kipenyo 583. 185/65R15: rimu 381, mashavu mawili ya 120.25, kipenyo 621.5. Tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 6.6. Odometa haijui kama umebadilisha, inahesabu mizunguko. Kila ukitembea kilomita 100 za kweli, inakuandikia 94 kasoro kidogo.

Kwa hiyo 10 yako ni 10.66. Mafuta hayajaibiwa, ni kilomita ambazo hazikuandikwa. Na spidi unayoiona kwenye dashibodi inaweza kuwa chini ya ile ya kweli, kwa hiyo ukikutana na tochi Misungwi usije ukabishana na trafiki.

#21 Tochi ya Magu
Hahahaha nilibishana.

#22 Nyegezi Kona
Kipimo hiyo ya makaratasi. Tairi likikaa chini ya gari linabonyea, na lililoisha ni dogo kuliko jipya. Bora awashe ramani ya simu, atembee kilomita 50 barabara kuu alinganishe na odometa. Au ahesabu mawe ya kilomita ya TANROADS.

#23 Kipimo Sahihi
Sahihi, simu ni bora. Ila 6.6 haitakimbia mbali.

#24 Fundi Nyakato
Na tairi kubwa zito linaongeza ulaji wa kweli pia mjini, kwa sababu kila ukiondoka kwenye tuta unalisukuma upya. Usimsahihishie kilomita tu ukamwachia.

#25 Kijana wa Pasiansi
Kwenye mitandao ya kuuza magari ya Japani IST 1300 imeandikwa 18 kwa lita. Hata hiyo 14 ya Dar ilikuwa mbovu. Wajapani wametupiga.

#26 Kipimo Sahihi
Hawajatupiga, tunasoma tusichokijua. IST zile za mwanzo zilipimwa kwa utaratibu wa zamani wa Japani uitwao 10-15. Gari linafungwa juu ya roli ndani ya jengo, injini tayari ni ya moto, AC imezimwa, wastani wa mwendo kilomita 22.7 kwa saa, kasi ya juu kabisa 70. Umbali wote kilomita nne na kidogo. Hakuna mlima, hakuna upepo, hakuna watoto wanagombana nyuma. Baadaye wakaleta JC08 ambao una sehemu ya kuwasha injini ikiwa baridi, namba za magari yale yale zikashuka. Sasa wanatumia WLTC. Namba ile ni ya kulinganisha gari na gari, si ahadi kwako.

#27 Sangara Mkavu
Kuna waliopiga kweli. Mitsubishi mwaka 2016 walikiri wenyewe kuchezea vipimo vya ulaji vya magari 625,000 kule kwao Japani. Kwa hiyo Pasiansi hajakosea sana.

#28 Kijana wa Pasiansi
Wabeja Sangara.

#29 Fundi Nyakato
Mimi narudi kwenye gari. Isamilo Juu, thamostati ipo, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto?

Nauliza kwa sababu ninazofungua hapa gereji, nyingi hazina. Gari likichemka mara moja, fundi wa kwanza anaing'oa anatupa, anasema "huku kwetu joto, haina kazi". Maji yanazunguka rejeta muda wote, injini haifiki joto lake. Kompyuta ikiona maji ya nyuzi 60 inaamini ndiyo kwanza umeliwasha asubuhi, inaendelea kuongeza mafuta. Gari haliwashi taa yoyote, halikohoi, linakunywa tu. Na wewe safari zako ni za kilomita nne nne, hata lenye thamostati linakuwa limefika nusu.

Nunua kile kiskana cha bluututhi, chomeka chini ya usukani, angalia joto la maji kwenye simu. Linatakiwa nyuzi 80 na kitu kwenda juu, na likae hapo.

#30 Isamilo Juu
Jirani anacho, nimeazima. Leo asubuhi nimefika Kirumba linasoma 64.

#31 Fundi Nyakato
Haipo. Nimemaliza.

#32 Mwalimu Mstaafu
Fundi usifunge jalada mapema. Ameteremka mlima dakika chache, injini haina kazi ya kufanya, mafuta yamekatwa kwenye mteremko. Hata thamostati mpya ya dukani haiwezi kuchemsha maji kwa safari ile. Asome akiwa ametembea nusu saa barabara kuu.

#33 Dereva wa Buhongwa
Mafuta yanakatwa vipi mteremkoni? Mimi naweka N (nyutro), gari linateleza lenyewe, hapo ndipo napata faida.

#34 Mwalimu Mstaafu
Kwa injini ya sindano, ukiachia akseli huku gia imeingia, magurudumu ndiyo yanazungusha injini na kompyuta inafunga mafuta kabisa. Ukiweka N injini inabidi ijizungushe yenyewe, inachoma mafuta ya kusimama. Na ukiwa N, kazi yote ya kulizuia gari inabaki kwa breki.

#35 Dereva wa Buhongwa
Mwalimu nakuheshimu shikamoo yako ipo, lakini kwenye N gari linaenda mbali zaidi kabla sijakanyaga tena. Kutoka Buzuruga mpaka nakaribia Mabatini sigusi kitu. Kwenye gia linajikaba.

#36 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Kwa umbali una hoja, kwenye mteremko mdogo kuteleza kunaweza kukulipa. Mteremko mkali ambao ungeshika breki hata hivyo, gia inalipa zaidi. Na una abiria kumi na kitu nyuma yako, hapo sitaki hata kuhesabu mililita.

#37 Abiria wa Igoma
Namba ya hiyo Hiace tafadhali.

#38 Sengerema Ng'ambo
Mimi nina ushahidi wa kusimama. Enzi za kivuko cha Kigongo nilikuwa nasubiri foleni gari linaunguruma na AC, kila safari naona mafuta yanashuka nimesimama. Daraja limefunguliwa Juni 2025, navuka kilomita tatu dakika chache, na wastani wangu umepanda bila kumpa fundi hata mia.

#39 Kipimo Sahihi
Injini ndogo ikisimama inaunguruma inakula kama lita 0.6 mpaka 0.8 kwa saa, AC inaongeza. Kilomita sifuri kwa lita. Ndiyo maana IST ya kupeleka watoto shule, ukikaa getini dakika ishirini AC inavuma, wastani unakufa.

#40 Isamilo Juu
Getini naelewana na mlinzi, nazima.

#41 Mwaloni Usiku
Nyie mna bahati mna kilomita. Sisi wa mtumbwi pale Mwaloni tunapima kwa saa. Mashine ya nyuma, petroli na oili, moja kwa hamsini, unajua dumu hili linakupeleka kuvua dagaa na kukurudisha, basi. Upepo ukibadilika au gugumaji likijisokota kwenye propela, dumu halikurudishi. Hakuna fundi wa kumlaumu saa nane usiku.

#42 Nyegezi Kona
Mwaloni dagaa bei gani wiki hii?

#43 Mwaloni Usiku
Mbalamwezi ipo mkuu, hatutoki. Uliza wiki ijayo.

#44 Tochi ya Magu
Turudi. Jana nilienda Shinyanga na X-Trail, kwenda nikapata 10, kurudi 15. Wastani 12.5. Naona pampu ya kule ina faida.

#45 Mwalimu Mstaafu
Wastani ni 12, si 12.5. Tuseme kila upande ni kilomita 150. Kwenda umetumia lita 15, kurudi lita 10. Kilomita 300 kwa lita 25, ni 12. Kilomita kwa lita hazijumlishwi ukagawanya kwa mbili, unajumlisha kilomita zote, unajumlisha lita zote, ndipo unagawanya. Ndiyo maana Wazungu wengine wanaandika lita kwa kilomita 100, inawapunguzia mtego huu kwa safari zinazolingana.

#46 Kipimo Sahihi
Na kupishana kwa 10 na 15 kwa barabara ile ile ni dalili pampu zilijikata tofauti. Lita tano hazipotei kwa upepo. Ukijumlisha safari nzima kosa la katikati linajifuta, hiyo 12 ndiyo ya kuiamini.

#47 Kijana wa Pasiansi
Pampu zinaiba, semeni tu. Kuna sheli moja sitaitaja, tanki langu la lita 42 liliwahi kuingia lita 44.

#48 Kipimo Sahihi
Pampu zipo zinazoiba, sibishi. Ila namba ya tanki kwenye kitabu haijumuishi shingo ya bomba na nafasi ya hewa juu. Ukijaza mpaka mdomoni lita mbili zaidi si ajabu. Pampu halali inaruhusiwa kukosea nusu asilimia, mililita 100 kwenye lita 20. Sheli inatakiwa iwe na ndoo ya kupimia ya lita 20 na stika ya Wakala wa Vipimo (WMA). Omba wapime mbele yako. Wakikataa hama, na wape taarifa WMA.

#49 Mama wa Mlango Mmoja
Na mwende asubuhi, mafuta yakiwa baridi yanakuwa mazito.

#50 Fundi Nyakato
Mama hapo naomba nikatae kwa heshima. Petroli inatanuka karibu asilimia moja kwa nyuzi kumi, lakini tanki la sheli liko chini ya ardhi, asubuhi na mchana joto lake halipishani hivyo.

#51 Mama wa Mlango Mmoja
Sawa baba, ila asubuhi hakuna foleni. Hiyo faida nabaki nayo.

#52 Isamilo Juu
Nimerudi wakuu. Mfuko ulikaa vizuri, na nilikuwa na msiba Musoma. Nilijaza Buzuruga mpaka ikajikata, nikaenda na kurudi, nikajaza hapo hapo. Odometa 412, lita 29.6. Ni 13.9. Nikiweka marekebisho ya tairi ya Kipimo ni kilomita 439, yaani 14.8. Watu wanne ndani, AC nusu ya njia, sikuzidi 90.

Kiskana: kuanzia Kisesa mpaka Lamadi joto la maji 74 mpaka 77, halikufika 80.

#53 Nyegezi Kona
Pole kwa msiba. Gari zima hilo! 14.8 na watu wanne, unalalamika nini? Mjini ndiyo mjini.

#54 Fundi Nyakato
Pole mkuu. 74 kwa safari ndefu, nilisema thamostati haipo au imekwama wazi. Weka mpya, hiyo 14.8 itapanda na mjini utapata 12.

#55 Sangara Mkavu
Pole sana. Kwenye barabara kuu injini ina joto la kutosha ndiyo maana amepata 14.8. Kama thamostati ingekuwa mbaya hivyo angepata 11. Tatizo ni mlima na safari fupi.

#56 Mwalimu Mstaafu
Pole kwa familia. Mimi naona bado tunalinganisha mbuyu na mchicha. Mbezi mpaka Posta ni safari ndefu, injini inakaa kwenye joto lake, tena bwana huyu ukimuuliza atakuambia alikuwa anatoka alfajiri. Ile ilikuwa karibu na safari ya barabara kuu. Kirumba ni kuwasha na kuzima. Je, ile 14 ya Dar ulitoka nyumbani saa ngapi?

#57 Isamilo Juu
Saa kumi na moja kasoro. Narudi saa tatu usiku.

#58 Mwalimu Mstaafu
Basi foleni hujawahi kukutana nayo.

#59 Bwiru Press
Kuna kitu hamjauliza. Gari hilo usiku nani anaendesha?

#60 Isamilo Juu
Shemeji yangu huwa analichukua Jumamosi, anarudisha Jumapili. Lakini anaweka mafuta yake.

#61 Dereva wa Buhongwa
Anaweka YAKE? Na kilomita anaziandika kwenye simu yako?

#62 Isamilo Juu
...

#63 Nyegezi Kona
Hahahahaha uzi umeisha jamani. Mwite shemeji humu ajieleze.

#64 Kipimo Sahihi
Haujaisha. Shemeji akitembea kilomita anazoziwekea mafuta, uwiano haubadiliki sana, isipokuwa anaweka kidogo kuliko anachotumia. Hiyo nayo hatuijui. Ninachotaka ni tanki moja zima la mjini, fulu kwa fulu, shemeji apande bodaboda kwa muda huo, kabla Fundi hajagusa thamostati. Halafu lingine baada ya thamostati. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hatutajua kipi kilisaidia.

#65 Fundi Nyakato
Yaani asubiri gari likiharibu oili kwa ajili ya uzi? Injini baridi inachafua oili pia. Aweke Jumamosi, thamostati si bei ya kutisha.

#66 Sangara Mkavu
Na arudishe tairi za 14 tuone.

#67 Isamilo Juu
Tairi sirudishi, matuta ya mtaani kwangu hamjayaona. Thamostati naweka mwisho wa mwezi, kabla ya hapo nitapiga tanki moja la mjini kama Kipimo alivyosema. Shemeji nimeshamwambia, kanuna.

#68 Kipimo Sahihi
Safi. Swali dogo: ile 29.6 ya Buzuruga, pampu ni ile ile na nozo ile ile?

#69 Isamilo Juu
Pampu ile ile, nozo ile ile. Kijana tu ndiye alikuwa mwingine, zamu ilibadilika.

#70 Kijana wa Pasiansi
Na huyo wa pili aliacha ijikate, au alibonyeza bonyeza mwisho ili ifike hela nzima?

#71 Isamilo Juu
Alibonyeza mara mbili tatu. Nilikuwa nahesabu chenji.

#72 Nyegezi Kona
Mwalimu, toa karatasi tena.